Taa ya Injini na Jina la Fundi

Wewe endelea tu kusema ati gari haiwezi kujua mahali inauma. Endelea. Ulisema hivyo juzi kwa kinyozi, watu wakacheka, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na wembe shingoni. Leo sina wembe shingoni. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, hiyo sifichi, na chuo ya ufundi sijaingia hata kufagia. Lakini hiyo kitu unasema haiwezekani niliiona na macho yangu, mchana, Kawangware, na watu wa ploti nzima wakihesabu kwa sauti kama watoto wa nasari. Kwa hivyo funga mdomo kidogo, usikize.

Kwanza ujue fundi wangu alikuwa nani. Alikuwa mtu wa kutoka magharibi, mrefu, mpole mpaka inakasirisha. Alikodisha uwanja mdogo kando ya ploti ya mabati ya wapangaji, ile barabara ya kuelekea Riruta Satellite, na hapo alikuwa anatengeneza magari tangu nikiwa sijui kuvaa suruali. Mimi nilikuwa naishi Kibera, upande wa Soweto, na kazi yangu ilikuwa kubeba mawe pale nyumba za Highrise zikijengwa. Siku moja nikapita kwa uwanja wake kuomba maji ya kunywa. Hakuniuliza barua. Hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Aliniuliza, "Unaogopa grisi?" Nikasema siogopi. "Basi shika hii." Ilikuwa spana ya kumi na nne. Mwaka wa nne huo nikiwa bado nimeishika. Sasa mtu akimgusa huyo mzee amenigusa mimi, na mimi siguswi.

Ufundi wake ulikuwa wa masikio. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwa injini na mpini kwa sikio, akafunga macho. Halafu anakwambia, "Silinda ya tatu, valvu imelegea." Unafungua, unakuta ni hivyo. Jumapili masikio hayo hayo yalikuwa kanisani, yeye ndiye alikuwa anapiga ngoma ya kwaya. Ukitaka kumuua huyo mtu usimpige. Mchukulie ile ngoma.

Halafu kulikuwa na mwenye ploti, na ule uwanja wa fundi ulikuwa wake pia. Huyu alikuwa mwenyeji wa hapo, shamba ilikuwa ya baba yake kabla mabati ijae. Sitasema alikuwa mtu mbaya, kwa sababu sitaki kusema uongo, lakini hakuamini mtu yeyote mwenye alikuwa anapumua. Pipa ya maji alichora alama ya chaki ndani ndio ajue kama mpangaji amechota yeye hayuko. Ufunguo wa choo alitembea nao. Alikuwa mzee wa kanisa pia, kanisa ile ile ya fundi, kiti cha mbele.

Akanunua gari. Ya Kijapani, ya kijivu, kutoka kwa mzungu mmoja alikuwa anarudi kwao. Siku ya kwanza fundi alifungua boneti akasimama tu, kama mtu amerudi nyumbani akakuta wamepitisha barabara mahali kitanda kilikuwa. Kabureta haiko. Anatafuta huku, anatafuta kule, anapata tu waya, mabomba ya plastiki na visanduku. Hiyo gari ilikuwa inapulizia petroli yenyewe, na kompyuta ndio inaamua ni petroli ngapi. Sisi wote hatukuwa tumeona.

Siku moja mpira ya maji ikapasuka, mvuke ikajaa, gari ikaletwa kwetu ikisukumwa. Fundi akaweka mpira mpya. Kazi ya nusu saa. Ile mbovu akampatia mwenyewe mkononi, kwa sababu anamjua.

Wiki mbili baadaye hiyo gari ikaanza kutoa moshi mweusi. Inakunywa petroli kama ng'ombe. Ikipanda kilima inashtuka, na pale mbele ya dereva taa ya rangi ya chungwa inawaka, imechorwa injini kidogo. Baada ya muda inazima yenyewe. Kesho tena inawaka.

Jumatano, saa nne asubuhi, mwenye ploti akaingia uwanjani na sauti yake ya kanisa.

"Fundi! Toka hapo chini!"

Fundi akatoka chini ya pikapu pole pole, anapangusa mikono. "Ndio, mzee."

"Ulitoa nini kwa gari yangu?"

"Nilitoa mpira ya maji. Nilikupea."

"Siulizi mpira! Nauliza ile kitu orijino. Nimeongea na mtu wa gereji ya tao, huko mjini, mtu amesoma, akaniambia hiyo ndio tabia yenu. Mnatoa orijino, mnauza, mnawekea mtu takataka."

"Huyo mtu alifungua boneti?" Hiyo ilikuwa mimi.

"Nani amekuuliza wewe? Wewe rudi Kibera."

"Nitarudi jioni. Nauliza tu kama alifungua boneti."

"Hakuna haja ya kufungua! Mwizi ni mwizi!"

Wewe unajua hilo neno. Usiniambie hujui. Kawangware hilo neno halisemwi kwa sauti mchana, ni kama kutupa kiberiti kwa nyasi. Milango ya mabati ikafunguka yote. Kijana mmoja akakuja mbio akiuliza, "Ako wapi?" na jiwe tayari iko mkononi, hajajua hata anatafuta nani. Mama wa chai, mwenye alikuwa na jiko lake pale mlangoni kwa uwanja, akasimama mbele yake akamwambia, "Wewe weka hiyo jiwe chini ama nikumwagie maji ya moto. Huyu ni fundi, unamjua." Akaiweka. Lakini hakuenda.

Mwenye ploti akaona watu wamejaa, akapandisha bei. "Mpaka Jumamosi jioni. Urudishe kitu yangu, ama utoe hivi vyuma zako kwa ploti yangu. Na Jumapili nitasimama kanisani niwaambie ni kwa nini."

Fundi akarudi chini ya pikapu. Mchana huo pikapu ilikuwa inanguruma vibaya, akaweka bisibisi kwa sikio, akakaa hivyo muda mrefu, halafu akaitoa. "Leo sisikii," akasema. Manze, nilitaka kuchoma hiyo ploti na mwenyewe ndani.

Badala yake nikasoma. Nilikuwa na kitabu nilinunua tao kwa wale watu wa kutandaza vitabu chini, kitabu ya mafundi, ya Kiingereza, gamba la juu limetoka. Ilikuwa ya injini ndugu ya hiyo. Nilikuwa nayo mwaka mzima, nasoma na kamusi ya shule, ukurasa moja wiki moja, na watu wakinicheka ati nasoma kama nitakuwa pasta. Usicheke wewe. Nitakwambia vile nilielewa, na ukiona nimekosea uniambie.

Hiyo kompyuta ni kisanduku cha bati kimefichwa chini ya dashibodi. Haina macho. Haina masikio kama ya fundi wangu. Inajua kitu moja tu, umeme. Inatuma umeme kidogo, volti tano, kwa waya, halafu inaangalia ni ngapi imebaki. Pale maji ya injini inapita kuna kichuma kama kidole cha mtoto, kinaitwa sensa. Maji ikiwa baridi, hiyo sensa inabana, umeme haipiti vizuri, volti inabaki juu. Maji ikipata moto, sensa inalegea, volti inashuka. Kompyuta inasoma hiyo volti kama vile wewe unagusa sufuria na kidole. Baridi, inaongeza petroli. Moto, inapunguza. Na hivyo hivyo na waya zingine, ya hewa, ya moshi, ya pale unakanyaga.

Sasa, wale waliiunda waliiwekea mipaka. Volti ya maji haiwezi kufika tano kamili, hata ukipeleka hiyo gari kwa barafu. Ikifika tano, kompyuta inajua hiyo si baridi, hiyo ni waya imekatika. Ikifika sifuri, inajua waya imegusa bodi. Hapo inawasha ile taa, inaandika namba kwa kumbukumbu yake, na inaacha kuamini hiyo sensa kabisa. Inajiambia tu, wacha tuseme maji ni digrii themanini, ndio mtu wa watu afike kwake.

Lakini hapa ndio uweke akili. Inashika uongo mkubwa peke yake. Uongo mdogo, ule haujapita mpaka, inaumeza wote. Ukiiambia maji ni baridi na maji inachemka, itakuamini, itamwaga petroli, itatoa moshi mweusi, na taa haitawaka.

Na ile namba imeandikwa unaisoma aje? Kando ya injini kuna kisanduku cheusi kina kifuniko na vishimo ndani. Unaunganisha vishimo viwili na kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, na ile taa inaanza kukonyeza. Unahesabu. Ikikonyeza bila kupumzika, sawa sawa, hakuna kitu imeandikwa. Ikikonyeza halafu ipumzike halafu ikonyeze tena, hiyo ni namba, na kitabu kinakwambia ni waya gani.

Nilipoelewa hiyo sikulala. Alhamisi asubuhi nikaenda kwa mlango wa mwenye ploti nikamwambia mbele ya wapangaji, "Leta gari. Gari yenyewe itasema nani mwongo."

Ungeona vile alifurahi. Alifikiri nimejifunga kamba. Akasukuma gari mpaka katikati ya uwanja, watu wakazunguka. Mama wa chai akanipatia pini ya nywele kutoka kwa kichwa chake, nikaikunja, nikaitia kwa vile vishimo. "Fungua swichi, usiwashe."

Akafungua. Taa ikaanza kukonyeza. Tik, tik, tik, tik, tik. Haipumziki. Nikangoja. Tik, tik, tik, tik.

"Inasema nini?" mtu akauliza.

Nilikuwa najua inasema nini. "Inasema... hakuna shida imeandikwa."

Wewe, watu walicheka! Walicheka mpaka yule kijana wa jiwe akakaa chini. Mwenye ploti akatoka kwa gari akapiga makofi. "Mmesikia? Gari iko sawa! Kompyuta imesema! Kwa hivyo shida si gari. Shida ni mtu. Jana usiku wameona moto ni mwingi, wakarudisha kitu yangu."

"Kama tumerudisha si basi imerudi?" nikamwambia.

"Kwa hivyo unakubali!"

Unaona mtu wa aina hiyo? Ningemrukia. Fundi alinishika kola kutoka nyuma, kama unashika mbwa, akaniambia sikioni, "Ukimpiga, mimi ndio nitakuwa nimeiba." Nikaacha.

Ijumaa sikufanya kazi. Nilikaa juu ya tairi na kitabu, nasoma tena kutoka juu. Nikapata sentensi moja nilikuwa nimeruka kwa sababu ilikuwa fupi. Ilisema kumbukumbu inaishi kwa betri. Ukitoa waya ya betri, namba zote zinafutika.

Nikainua macho. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, jua bado iko, na mwenye ploti alikuwa anapita mbele yangu amebeba betri.

Wewe umekaa huko kwenu kwa geti na askari, pengine hujui. Kawangware betri hailali kwa gari. Ukiacha betri nje asubuhi unapata boneti imefunguliwa kama mdomo wa mtu anashangaa. Kwa hivyo kila mwenye gari, jioni, anafungua, anabeba betri kama mtoto, anaingia nayo kwa nyumba. Wengine wanaiweka chini ya kitanda. Huyu wetu, bibi yake alikuwa analalamika ati asidi imetoboa blanketi. Na sisi mafundi ndio tulikuwa tunafundisha watu kufanya hivyo! Hakuna mtu hata mmoja aliona shida. Kila jioni ile gari ilikuwa inaandika ushahidi wote, na kila jioni mwenyewe anaupangusa na mikono yake.

Nikaruka juu. "Mzee! Leo acha betri ndani ya gari!"

Akasimama. Akaikumbatia vizuri. "Ati nini?"

"Usiku moja tu. Kesho asubuhi tutasoma."

"Sasa mnataka na betri!" Alipiga kelele mpaka bibi yake akatoka. "Njooni msikie! Wamemaliza orijino, wamekuja betri!"

Fundi alikuwa anaweka spana zake kwa sanduku, moja moja, anazipangusa. Alikuwa ameanza kufunga. Hiyo ndio kitu ilinimaliza. Nikaenda nikamwambia, "Baba, nipatie kesho mchana tu." Hakusema ndio, hakusema hapana. Alisema, "Kesho ndio mwisho hata hivyo."

Jumamosi saa saba mchana nikapanga mambo na hasira. Nikamwambia mwenye ploti mbele ya wote, "Endesha wewe mwenyewe. Mimi sishiki usukani. Mzee wangu hashiki kitu. Tunaenda mpaka Dagoretti Corner, tunarudi. Taa ikiwaka ikizima, sawa. Tukifika hapa hakuna mtu anafungua boneti isipokuwa wewe, na betri haitoki mpaka tuhesabu. Ukikataa, hawa watu watajua ni wewe unaogopa."

Hiyo ya mwisho ndio ilimsukuma. Akaingia.

Sitakudanganya ati tuliongea njiani. Aliendesha amenuna, mimi nimenuna. Kupanda kile kilima gari ikashtuka, moshi nyuma, na taa ikawaka. Nikasema, "Umeona?" Akapiga tu honi. Tukishuka ikazima.

Tulirudi tukapata uwanja umejaa kuliko Alhamisi. Watu wa Kawangware wakinusa aibu ya mtu hawawezi kukaa nyumbani. Akafungua boneti mwenyewe. Nikaweka pini. "Fungua swichi."

Taa ikakonyeza mara mbili. Ikapumzika. Mara mbili tena. Ikapumzika sana. Tena mbili. Tena mbili.

"Mbili!" mama wa chai akaanza. "Halafu mbili!" Wakadaka wote, "Mbili! Na mbili!" Hata watoto. Nikafungua kitabu, nikatafuta ishirini na mbili. Nikasoma kwa sauti kwa sababu singeweza kuficha: ishirini na mbili, njia ya joto la maji.

Mwenye ploti akacheka pole pole. "Maji," akasema. "Na nani alishika mambo ya maji? Mimi? Nani alishika mambo ya maji, fundi?"

Yule kijana wa jiwe akasimama tena.

Hapo ndio nilipiga kelele mpaka sauti ikapotea. "Sikiza! Sikizeni nyinyi! Haisemi sensa! Kitabu kinasema njia! Kompyuta haioni sensa, inaona volti peke yake! Volti inaweza kupotea kwa sensa, inaweza kupotea kwa waya, inaweza kupotea kwa mdomo wa waya! Imetuonyesha barabara, haijatuonyesha nyumba!"

Hapa fundi aliongea mbele ya watu mara ya kwanza tangu Jumatano. "Basi tuanze na sensa," akasema. "Mzee, njoo uangalie kabla nishike."

Akamwonyesha. Pale sensa inaingia kwa injini kulikuwa na rangi ya kiwandani, imefunika sensa na chuma pamoja, haijapasuka hata mahali moja. "Hii ikifunguliwa, hii rangi inapasuka. Weka kidole." Mwenye ploti akaweka kidole. Akakitoa haraka. "Sasa fungua wewe." Akampatia spana. Mwenye ploti akakaza mkono, rangi ikapasuka, tak, sote tukasikia, na maji ya kijani ikachuruzika.

Nilitaka kuruka juu. Fundi akaniangalia tu.

Tukaweka sensa kwa sufuria ya maji baridi, tukaishikanisha na mita yetu ya umeme, ya mshale. Mshale ukaonyesha imebana vile inatakiwa. Mama wa chai akamwaga maji ya moto kutoka kwa birika yake, pole pole, na mshale ukatembea pole pole, hauruki, haukwami, mpaka mwisho. Hata yule kijana wa jiwe akasema, "Hiyo kitu ni nzima." Sensa ilikuwa nzima, na ilikuwa ile ile ilizaliwa na hiyo gari.

Ikabaki waya. Fundi akaifuata na vidole, kutoka kwa mdomo wa sensa, kando ya betri, nyuma ya taa ya mbele. Akasimama. Akavuta. Ikatoka imefungwa na karatasi ya plastiki, ile ya mkate, imezungushwa mara nyingi na juu yake tepu. Na ndani ya hiyo tepu kulikuwa na waya ingine nyekundu, imefungwa pamoja nayo, inaenda kwa honi.

Sasa honi ya hiyo gari kila mtu aliijua. Ilikuwa ya kuimba, ya sauti tano. Mwenye ploti aliiweka yeye mwenyewe, Jumapili ya Pasaka, amevaa fulana nyeupe, na fundi alipojitolea kumsaidia akamwambia, tukisikia sote, "Sitaki mkono ya mtu kwa gari yangu." Alikuwa ameikata hiyo waya akitafuta umeme ya honi, akaona haina nguvu, akaisokota akairudisha, akafunga na plastiki ya mkate. Siku ule mpira ulipasuka, mvuke uliingia hapo. Fundi alipofungua plastiki, shaba ilikuwa imekuwa kijani kama mboga. Ikikaa vibaya umeme inapita nusu, kompyuta inafikiri maji ni baridi, inamwaga petroli, moshi. Ikitikiswa kwa kilima inaachana kabisa, taa inawaka. Ikigusana tena, inazima.

Mama wa chai, na sauti tamu kabisa, "Ngai, si hiyo ndio ya honi?"

Walicheka kwa miguno, mikono kwa mdomo. Alikuwa mwenye nyumba zao, na bado walitaka kulala ndani.

Mwenye ploti aliangalia ile waya. Akaangalia saa yake. "Si muiunganishe basi," akasema.

"Aseme kwanza," nikasema. "Aseme vile alisema Jumatano. Kwa sauti ile ile."

"Si mmeona wenyewe? Mnataka niseme nini tena?"

"Jina! Useme fundi hakuiba! Ulikuwa na mdomo Jumatano!"

"Kijana," akaniambia, "mimi nimekuja kutengenezewa gari."

Nikageuka kwa fundi. Nilikuwa nangoja aifunge boneti kwa kishindo, amwambie asukume gari yake mpaka kwa yule msomi wa tao. Alikuwa ameshaweka chuma ya kuchomea kwa makaa ya mama wa chai. Akakata ile shaba ya kijani, akakwangua, akaunganisha na risasi ya kuyeyusha, akafunga na tepu mpya. Kazi safi, hata kiwandani hawafanyi hivyo.

"Baba, unafanya nini?"

"Toa kivuli yako hapa, sioni."

"Amekuita mwizi!"

"Gari haijaniita," akasema, na hakuinua kichwa.

Gari ikawashwa. Hakuna moshi. Hakuna taa. Mwenye ploti akasema, "Sasa iko sawa," lakini alikuwa anaongea na dashibodi. Akaondoka.

Tulibaki kwa uwanja, hakutufukuza. Jumapili nikaenda kanisani, mimi mwenye siendangi, nikakaa nyuma nimekunja mikono. Mwenye ploti hakusimama kusema fundi ni mwizi. Hakusimama pia kusema si mwizi. Alikaa tu kiti chake cha mbele akaimba. Fundi alipiga ngoma, na alipomaliza akarudi kukaa, mama mmoja kwa benchi yake alitoa mkoba kutoka upande wa fundi akauweka upande ule mwingine. Pole pole, bila kumwangalia. Nina hakika fundi aliona. Alikuwa ameona waya nyembamba kama nywele nyuma ya taa, angekosa kuona mkoba? Kompyuta ukitoa betri inasahau. Watu hawana betri ya kutoa.

Kutoka siku hiyo mimi na yeye tumegombana juu ya hiyo waya zaidi ya mara kumi. Ananiambia nina moto mingi kichwani. Namwambia yeye ana baridi mingi. Naona ile gari ya kijivu ikipita, inaimba sauti tano, haitoi moshi, na ndani yake kuna mkono ya mtu aliitwa mwizi na hakuombwa msamaha. Mimi, haki ya Mungu, ningeichukua ile waya nikaiacha ikining'inia vile tuliipata.

Wewe ungemuunganishia?